Njia ni ya Wote: Je, Waandamanaji Wana Haki ya Kuziba Barabara?



 Leo tumeona tuzungumzie jambo linalobishaniwa sana majumbani, mabwenini na vijiweni. Watu wakiwa na malalamiko ya kweli, maji hayatoki, umeme umekatika, mtoto kagongwa na lori, kiongozi wao kakamatwa, je, wanayo haki ya kuweka magogo na matairi barabarani mpaka wasikilizwe?

Vijana wengi wanajibu kuwa ndiyo, tena haraka. Wazee wengi wanasema maandamano yenyewe ni fitna, kwa hiyo hata swali halina haja ya kuulizwa. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizi mbili, na kwa idhini yake Mola tutaeleza kwa nini.

Barabara zetu ni chache

Tuanze na hapa tulipo, Ayivu, Arua na Koboko. Mtu akitaka kwenda Kampala kwa gari, njia inayojulikana na kila mmoja ni ile ya Nebbi, Pakwach na Karuma. Daraja la Karuma lilipofungwa Septemba 2024 ili litengenezwe, West Nile nzima ilionja maana ya njia kuzibwa. Mabasi na malori yalilazimika kuzunguka mbali, na safari zikawa ndefu na za gharama zaidi.

Upande wa kaskazini hali ni hiyo hiyo. Barabara ya lami inayotoka Vurra mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, ndiyo uti wa mgongo wetu. Juu yake hupita bidhaa za sokoni, misaada ya wakimbizi, wanafunzi wanaokwenda na kurudi likizo, na wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Rufaa ya Arua. Hospitali hiyo ni kimbilio la wilaya zote za West Nile, na hata wenzetu wa Kongo na Sudan Kusini huja kutibiwa hapo.

Sasa mfikirieni mama mwenye uchungu wa kuzaa anayetoka Koboko, mwendo wa kama kilomita 55. Mtoto kakaa vibaya tumboni, daktari kasema apelekwe Arua akapasuliwe. Njiani gari linakuta magogo yamelazwa na matairi yanawaka. Mama huyu hakumnyima mtu maji. Hakumkamata mbunge wa mtu. Wala waliomzuia hawamjui, na pengine wangemjua wangelia. Lakini saa haimsubiri. Mjini Kampala dereva anaweza kutafuta uchochoro akatokea upande wa pili. Huku kwetu, kupata njia nyingine itakayopitisha gari la wagonjwa, tena wakati wa mvua, ni shida kubwa.

Tunautanguliza mfano huu kwa sababu ndio uzito wa suala lenyewe. Anayeziba barabara hudhani anaibana serikali, lakini anayeanza kubanwa ni mpita njia.

Dini yetu inasemaje kuhusu njia?

Uislamu haukuiacha njia bila ya kuipa haki zake. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Said Al-Khudri (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwaonya Masahaba wasikae njiani. Masahaba wakasema hawana budi, kwani hapo ndipo wanapokutana na kuzungumza mambo yao. Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba kama hawana budi basi waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuinamisha macho, kujiepusha na kuwaudhi watu, kuitikia salamu, na kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Ndugu zetu, hadithi hii ina mafunzo mawili, na watu hupenda kuchukua moja wakaliacha la pili. La kwanza ni kwamba watu wana haja ya kukutana mahali pa wazi, na haja hiyo ilikubaliwa. Tena kukataza mabaya kumetajwa humo humo, kwenye haki za njia. Kwa hiyo anayesema kwamba Muislamu hana ruhusa kabisa ya kusimama hadharani akasema "hii ni dhulma" hajaisoma hadithi yote. La pili ni kwamba ruhusa hiyo ina sharti, nalo ni kutowaudhi watu. Kuziba njia kabisa ni katika maudhi makubwa anayoweza kufanyiwa msafiri.

Iko hadithi nyingine, ya Abu Hurayra (r.a.) katika Sunan Abu Dawud, ambayo kwa maoni yetu inaligusa suala hili moja kwa moja. Mtu mmoja alikuja kumshitaki jirani yake aliyekuwa akimuudhi. Mtume (s.a.w.) akamwambia arudi akasubiri. Akaja tena mara ya pili au ya tatu. Ndipo akamwambia atoe vyombo vyake vya nyumbani aviweke njiani. Yule mtu akafanya hivyo. Kila aliyepita akamuuliza ana nini, naye akamweleza, na watu wakamlaani yule jirani. Mwisho jirani mwenyewe akaja akamwomba arudi ndani, akamwahidi kwamba hataona tena baya kutoka kwake.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Haya yalikuwa malalamiko ya hadharani, njiani, kwa maelekezo ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe! Lakini tazameni yalivyofanyika. Kwanza, yule mtu alianza kwa subira na mashitaka, siyo kwa njia. Pili, alichokitoa ni mali yake, siyo mali ya wapitaji. Tatu, na hili ndilo kubwa, jambo lilifanikiwa kwa sababu watu walikuwa wanapita. Walipita, wakauliza, wakasikia, wakawa upande wake. Lau angeiziba njia, nani angepita akamuuliza? Na hao waliokwama wangemlaani nani, jirani au yeye?

Wanazuoni wa fiqhi nao wameweka kanuni inayojulikana, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine kama hayo. Na Qur'ani katika Suratul An'aam inatufundisha kwamba mtu habebeshwi mzigo wa dhambi ya mwenzake. Kwa misingi hii, mwenye kudhulumiwa na ofisi fulani hana ruhusa ya kulipiza kwa abiria wa basi.

Sheria ya nchi inasemaje?

Wapo wanaodhani kwamba kuandamana Uganda ni kosa mpaka polisi wakubali. Sivyo. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 29, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana pamoja na wenzake kwa amani na bila silaha. Mwaka 2008, katika kesi ya Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha sheria ya polisi kilichowapa polisi madaraka ya kuzuia mikusanyiko. Bunge likatunga sheria nyingine mwaka 2013 ya kusimamia mikutano ya hadhara. Machi 2020 mahakama hiyo hiyo ikakata kwamba madaraka ya kuzuia mikutano waliyopewa polisi ndani ya sheria hiyo nayo yanapingana na Katiba. Vijana wetu wa chuo wayajue haya, maana haki usiyoijua ni rahisi kunyang'anywa.

Lakini Katiba hiyo hiyo ina ibara ya 43, inayosema kwamba mtu akitumia haki zake asivunje haki za wengine wala maslahi ya umma. Kwa hiyo kuandamana ni haki na kusafiri pia ni haki, na kazi ya watu wenye akili ni kuzipatanisha, siyo kuua moja ili nyingine iishi.

Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyatolea maelezo mambo haya Julai 2020. Ilisema kwamba mkusanyiko wa amani unaweza kusumbua magari na watu, na kwamba usumbufu wa namna hiyo peke yake siyo fujo na unapaswa kuvumiliwa, ila ukipita kiasi unaweza kuwekewa mipaka. Tunaona maelezo hayo ni ya haki. Watu elfu moja wakitembea kutoka sokoni mpaka ofisi za jiji, ni lazima magari yatasubiri. Hata sisi siku ya Iddi tunapomiminika kwenda kuswali, magari hupunguza mwendo na wenye magari hutuvumilia. Harusi hupita na tarumbeta, mazishi hupita, kampeni hupita. Kupita kwa wingi ni jambo moja. Kukaa ukasema "hapiti mtu hapa" ni jambo jingine.

Tutaje na mfano wa mbali kidogo, na tunautaja kusudi kwa sababu mioyo yetu ilikuwa upande wa walioandamana. Delhi, India, katika mtaa wa Shaheen Bagh, kuanzia Desemba 2019 wanawake wa Kiislamu, wengine bibi vizee kabisa, walikaa barabarani mchana na usiku kupinga sheria ya uraia iliyowaacha Waislamu nje. Walikaa kwa amani zaidi ya miezi mitatu, mpaka walipoondolewa Machi 2020 wakati wa korona. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Rufaa ya India ikasema kwamba haki ya kupinga ipo na inalindwa, lakini njia ya umma haiwezi kukaliwa bila ya kikomo. Dhulma waliyoilalamikia ilikuwa ya kweli, na ujasiri wao hatuwezi kuusahau. Hata hivyo lipo swali ambalo mtu mwadilifu hawezi kulikimbia: anayeishi upande wa pili wa barabara ile, alikosa nini? Kipimo ni lazima kiwe kimoja, kwa tunaowapenda na kwa tusiowapenda.

"Lakini bila ya kuziba hatusikilizwi!"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na tusiidharau. Watu wanasema: tuliandika barua, hatukujibiwa. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC, akatupeleka kwa RDC, naye akatuambia tusubiri. Siku tuliyolaza magogo, wakubwa walifika kabla ya adhuhuri.

Ni kweli hutokea hivyo, na hapa lawama ya kwanza ni ya viongozi. Kiongozi anayefungua mlango pale tu barabara inapofungwa, huyo ndiye anayewafundisha watu kufunga barabara. Tena wenye mamlaka wenyewe hufunga njia, kwa misafara yao na kwa vizuizi vyao, na mwananchi akasimamishwa juani bila ya kuombwa radhi. Na hata waliotembea kwa utulivu hawakusalimika. Aprili 2011, bei za mafuta na vyakula zilipopanda, viongozi wa upinzani waliwaita watu waende kazini kwa miguu tu. Kutembea kwa miguu! Polisi wakawazuia na kuwakamata, ghasia zikazuka katika miji kadhaa, na watu wakauawa, akiwemo mtoto wa kike wa miaka miwili huko Masaka. Siku zile aliyeifunga njia kwanza ni nani?

Sisi watu wa Arua hatuhitaji kuhadithiwa. Tarehe 13 Agosti 2018, wakati wa kampeni za uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi ya marehemu Ibrahim Abiriga, mji wetu ulijaa misafara ya pande zote. Serikali ilisema gari la Rais lilirushiwa mawe. Jioni ile Yasin Kawuma, dereva wa Mheshimiwa Robert Kyagulanyi, alipigwa risasi akafa, na watu zaidi ya 30 wakashitakiwa kwa uhaini mjini Gulu. Inna lillahi wainna ilayhi raji'un.

Kwa hiyo tunalisema wazi: barabara kuzibwa hakuhalalishi damu ya mtu. Gogo huondolewa kwa mikono na tairi huzimwa kwa maji. Novemba 2020, Kampala na miji mingine ilipowaka baada ya Kyagulanyi kukamatwa, serikali yenyewe ilihesabu watu 54 waliokufa, na Rais alikiri kwamba baadhi yao walipigwa na risasi zilizopotea, yaani hawakuwa wakifanya fujo.

Lakini, enyi vijana wetu, angalieni na upande wa pili. Penye kizuizi hapana anayeongoza. Aliyekuja kwa ajili ya maji husimama karibu na aliyekuja kupora. Mnamo Septemba 2009, katika ghasia za Kampala zilizotokana na Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga, kuna wasafiri waliosimamishwa kwenye vizuizi vya mitaani wakatakiwa waimbe wimbo wa Buganda ili ijulikane ni watu wa wapi. Sisi watu wa West Nile, tuliowahi kupigwa na kukimbizwa kwa sababu ya kabila na lafudhi baada ya mwaka 1979, tunajua kizuizi cha namna hiyo kinavyomalizikia. Leo unamzuia mtu ili serikali isikie, kesho mwingine anamzuia mtu kwenye kizuizi chako hicho hicho ili amuulize kabila lake.

Isitoshe, kuziba barabara humpa mwenye kudhulumu kisingizio anachokitafuta. Badala ya kuulizwa "maji yako wapi?" anauliza yeye "nani kachoma matairi?" Suala limegeuzwa, na mwenye haki kawa mshitakiwa.

Basi tufanye nini?

Zipo njia zinazobana bila ya kumdhuru asiyehusika. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala, wakilalamikia mfumo mpya wa risiti za kodi na kodi zenyewe, walifunga maduka yao. Hawakufunga barabara, walifunga milango yao wenyewe, wakapoteza biashara yao wenyewe kwa siku kadhaa. Mji ulihisi, na serikali ikalazimika kukaa nao. Huyo ni sawa na yule mtu wa hadithi aliyetoa vyombo vyake. Anayelipa gharama ya malalamiko ni mlalamikaji kwa hiari yake, na hapo ndipo watu humwonea huruma.

Ushauri wetu kwa familia na wanafunzi ni huu:

1. Tuanze kwa subira na mashitaka yenye ushahidi. Barua iandikwe, ipigwe mhuri, nakala iwekwe. Redio zetu zipo, mahakama zipo. Atakayesema "hawakutuambia" aonyeshwe karatasi.

2. Ikibidi kuandamana, tutembee. Polisi wajulishwe njia na saa, siyo kwa kuomba haki bali ili magari yaelekezwe pengine. Tuanze na tumalize kwa wakati uliotangazwa.

3. Upande mmoja wa barabara ubaki wazi, na wateuliwe vijana maalumu wa kulipisha gari la wagonjwa hata kama viongozi watakuwa wanahutubia. Maandamano yasiyoweza kumpisha mgonjwa hayajawa tayari kutoka nyumbani.

4. Mawe, matairi na magogo yasionekane kabisa. Akitokea mwenye kuyaleta, atolewe na waandamanaji wenyewe kabla ya polisi.

5. Wazazi tusiwafungie watoto wetu mdomo. Kijana aliyefundishwa kulalamika kwa adabu ni bora kuliko aliyenyamazishwa miaka kumi akalipuka siku moja.

6. Na nyinyi wenye ofisi, Waislamu kwa wasio Waislamu, pokeeni watu kabla hawajatoka barabarani. Mtoto akigongwa pale pale mara ya pili wakati matuta yaliombwa tangu mara ya kwanza, msijifanye kushangaa magogo yakilazwa.

Jibu letu, basi, ni hili. Waandamanaji wana haki ya barabara kama alivyo nayo kila mtu, na kwa saa chache wanaweza hata kuijaza, na sisi wengine tuwavumilie. Hawana haki ya kuifunga. Njia si ya serikali hata ikaadhibiwa kwa kufungwa. Ni ya yule mama wa Koboko, ya mwanafunzi anayewahi mtihani, ya mchuuzi ambaye nyanya zake zinaoza juani. Hao ndio ambao tungependa wawe upande wetu, na hatuwapati kwa kuwazuia.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na kwamba la chini kabisa katika hayo ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Kama kuondoa mwiba ni katika imani, basi mwenye kulaza gogo na ajiulize analiweka kwenye tawi gani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu masikio ya kusikia mapema, awape vijana wetu ujasiri wenye hekima, awarehemu wote waliokufa barabarani bila ya hatia, na azifanye njia zetu ziwe za amani. Aamiin.